Farasi wa walinzi wa Mfalme pale Whitehall: wasafiri wetu wakae nao vipi?

MtembezaWageni_Makadara aliuliza:

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Naandaa kundi la watu 18 kutoka hapa Mombasa ambao Agosti hii waelekea London. Ni familia tatu: wazee wanne, watoto saba wa miaka 6 hadi 13, na waliobaki ni wazazi. Siku ya tatu watapita barabara ya Whitehall kuwaona askari wapanda farasi nje ya jengo la Horse Guards.

Kinachonitia wasiwasi ni hizi video zinazozunguka kwenye simu. Mtu ashika hatamu na kuvuta kichwa cha farasi kimgeukie, apate picha. Mwingine aegemea buti la askari kama anayeegemea ukuta wa baraza. Mtoto awekwa chini ya kidevu cha farasi, mama arudi nyuma hatua tano kupiga picha. Wengine wamcheka askari usoni kwa vile hajibu. Sitaki mtu wangu hata mmoja aonekane hivyo, na zaidi ya hayo sitaki mtoto aumie.

Wasafiri hawa wamezoea ngamia wa ufuo wa Pirates na punda wa Lamu. Farasi mkubwa wa jeshi hawajawahi kusimama naye. Nataka kuwaandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili waupate kabla ya kupanda ndege. Wajuzi nisaidieni: wasimame umbali gani, kugusa kwaruhusiwa au la, picha zipigwe vipi, na farasi akiuma mtu, hatua ya kwanza ni ipi?

Baraza_la_Kuze alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Ukurasa wako uanze kwa kueleza wale ni kina nani, maana utovu mwingi wa adabu watokana na watu kudhani wamewekwa pale kama mapambo. Ni wanajeshi kamili wa Household Cavalry, yaani kikosi cha wapanda farasi cha Mfalme, na wenzao wa kikosi hicho hicho huenda vitani kwa magari ya deraya. Wana rejimenti mbili. Wenye koti jekundu na shungi jeupe kwenye kofia ni Life Guards. Wenye koti la buluu na shungi jekundu ni Blues and Royals. Watoto wafundishwe kuwatofautisha. Mtoto aliye na kitu cha kutafuta kwa macho hatatafuta cha kushika kwa mikono.

Kuhusu saa, hapo ndipo watu wetu hupotea, kwa hiyo andika kwa njia zote mbili. Askari wawili juu ya farasi husimama kwenye vibanda vya mawe upande wa Whitehall kuanzia saa nne asubuhi (10:00) hadi saa kumi jioni (16:00), na hubadilishana kila baada ya saa moja. Shughuli kubwa ya kupokezana ulinzi hufanyika upande wa pili wa jengo, kwenye uwanja wa changarawe unaotazamana na bustani ya St James's Park, saa tano asubuhi (11:00). Jumapili ni saa nne (10:00). Kikosi kinachokuja kupokea hutoka kambi ya Hyde Park saa nne na dakika 28, na Jumapili saa tatu na dakika 28. Saa kumi jioni kuna ukaguzi uani. Husemwa kwamba Malkia Victoria aliuanzisha mwaka 1894 baada ya kuwakuta walinzi wakilewa na kucheza kamari. Aliamuru wakaguliwe kila siku kwa miaka 100, na hata baada ya miaka hiyo kuisha wameendelea nao.

Sasa adabu yenyewe. Hakuna uzio kati ya watu na farasi upande wa Whitehall. Kuna kibao ukutani kinachoonya kwamba farasi huweza kuuma au kupiga teke, basi. Kukosekana kwa uzio kusifasiriwe kuwa ruhusa. Walinzi wa miguu wa kasri ya Buckingham nao walikuwa wakisimama nje karibu na watu, wakahamishiwa ndani ya ua wa chuma mwaka 1959 kwa sababu ya bughudha za watalii. Tangu hapo anayetaka kuwaona huwatazama kwa mbali, kupitia fito za chuma. Hili la Whitehall bado li wazi kwa kila mtu, maskini na tajiri, bila tiketi, nami naona ni jambo la kutunzwa.

Picha hazikatazwi. Kinachokatazwa ni kumgusa askari, kumgusa farasi, kushika hatamu, upanga, buti au tandiko. Askari akiona mtu amevuka mpaka atapaza sauti kwa nguvu. Neno litakalosikika sana ni "stand clear", yaani sogea, acha nafasi. Ni amri ya kazi, na mwenye kuamriwa asione ametukanwa. Jibu lake ni kurudi nyuma papo hapo bila kuanza kujieleza. Pia wapo polisi wenye silaha hatua chache tu kutoka pale.

Jambo jingine liandike kwa ajili ya wazee. Kwetu mtu asiyejibu salamu amekosa adabu kubwa. Mzee akitoa salamu asijibiwe ataona amedharauliwa, atarudia kwa sauti, atasogea, pengine atamgusa goti askari apate kusikika. Waelezwe mapema kwamba askari yule yuko kwenye zamu na ameamriwa kutazama mbele na kunyamaza. Anayetaka kumheshimu ainamishe kichwa kidogo kwa mbali, apite.

DaktariWaMifugo_Kisauni alijibu:

Bwana wa Kuze amemaliza upande wa askari. Mimi nishike upande wa mnyama, maana watu wakielewa kwa nini farasi huuma, hawatahitaji kuonywa mara mbili.

Farasi wale weusi wana urefu wa kama sentimita 170 begani na uzito wa kama kilo 600. Miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito huo, kwa hiyo kwato moja ya mbele yenye chuma ina karibu kilo 180 juu yake farasi akiwa amesimama tu. Akihamisha uzito au kupiga hatua moja, huongezeka. Mtu aliyevaa champali akisimama sambamba na bega la farasi apate picha nzuri, vidole vyake vya mguu viko mahali pabaya kabisa. Siku hiyo wavae viatu vilivyofunikwa.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, lakini kuna sehemu mbili asizoziona: moja kwa moja nyuma ya mkia, na mbele ya paji la uso kushuka hadi chini ya pua. Sasa angalia watalii hupeleka mkono wapi. Puani! Mkono unaingia mahali asipoona, kisha kitu chamgusa mdomo ghafla. Midomo na nywele za mdomoni ndizo vidole vyake vya kupapasia, na kinachofuata upapasaji ni meno. Ana meno sita ya mbele juu na sita chini, na yakikutana hufinya kama koleo. Mara nyingi ngozi haichaniki sana, ila nyama ya ndani hupondeka, na kidole huweza kuvunjika. Julai 2024 mtalii mmoja aliumwa mkono papo hapo alipokuwa amesimama kando ya farasi kwa picha, akazirai. Hakuwa amempiga wala kumchokoza. Alikuwa amesogea mno, basi.

Kuhusu hatamu nitasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye madhara makubwa na watu hawajui. Hatamu zinaunganishwa na lijamu, chuma kilichopita mdomoni juu ya ulimi, kwenye ufizi usio na meno. Lijamu ya jeshi ina vipande vya chuma vinavyoshuka pembeni ya mdomo, na mnyororo unaopita chini ya kidevu. Hatamu zikivutwa, vipande vile hufanya kazi kama wenzo: mvuto mdogo wa mkono huzidishwa, chuma hukandamiza ufizi na mnyororo hukaza taya. Askari aliyefunzwa hutumia vidole tu. Mtalii hutumia bega zima. Farasi huumia, hurusha kichwa juu, na akitaka kurudi nyuma akuta kibanda cha mawe. Hawezi kurudi, basi atakwenda mbele, na mbele pana watu. Tena hatamu ndizo usukani na breki za askari. Ukizishika umemnyang'anya uwezo wa kumtuliza mnyama wake, huku mkono mmoja ameshika upanga. Ndiyo maana atakupigia kelele kwa hatamu kuliko kwa jambo jingine lolote.

Ishara za kutazama: masikio yakielekea mbele, anasikiliza. Yakilegea pembeni, ametulia. Yakilala nyuma kubana shingo, ondoka. Mkia ukipigapiga na hakuna nzi, ondoka. Pua ikikunjamana na mdomo kukaza, umechelewa, ondoka upesi lakini usikimbie. Mguu mmoja wa nyuma uliokunjwa kidogo, ncha ya kwato chini, mara nyingi ni kupumzika tu, watoto wasiogope.

Chakula hapana. Wala karoti, wala peremende, wala tende. Farasi aliyezoea kulishwa na mikono ya watu hujifunza kwamba kila mkono na kila mfuko una kitu, huanza kutafuta kwa meno, na wa kulaumiwa huwa yeye.

Umbali wangu ni mita 3 pande zote, na nyuma ya farasi anayetembea ongeza iwe mara mbili. Shingo yake ikinyooka huvuka mita moja kwa urahisi, na teke la nyuma hufika mbali zaidi ya hapo.

Ngamia_wa_Bamburi alijibu:

Daktari ameeleza vizuri sana. Naongeza tabia za hapa kwetu ambazo mtu husafiri nazo bila kujua.

Ya kwanza ni mlio wa ulimi. Punda wa Lamu hutiwa mwendo kwa kubana ulimi kwenye kaakaa na kuuachia, au kwa sauti ya kubusu. Watoto wa pwani huifanya kila wakiona mnyama, kama salamu. Kwa farasi aliyefunzwa kupandwa, mlio huo ni amri ya kwenda mbele. Ukimfanyia farasi wa zamu, umemwambia atembee wakati mwenye kumpanda amwambia asimame. Likatazwe kwa jina lake kwenye ukurasa wako, maana hakuna mtoto atakayejua kwamba ni kosa.

Ya pili ni kumpiga kofi la mapenzi matakoni, tuwafanyiavyo punda wapishe njia vichochoroni. Farasi wa jeshi huongozwa kwa mguso wa miguu ya mpandaji ubavuni, na kofi la mtu asiyeonekana kutoka nyuma laweza kujibiwa kwa teke.

Ya tatu ni nguo, hasa mkiwa na kina mama wenye buibui na leso. London kuna upepo, na kitambaa chepesi kinachopepea pembeni mwa jicho la farasi humshtua kuliko mtu mwenyewe. Mtandio ufungwe, leso ikunjwe ndani ya mfuko, mwavuli usifunguliwe karibu naye, mfuko wa nailoni usichakarishwe. Fimbo za kujipigia picha nazo zibaki mkobani.

Tena watofautishieni. Ngamia wa ufuoni huletwa kwa biashara: mwenyewe akuita, umelipa, yeye ndiye amshika kamba na ndiye akuonyesha pa kuweka mkono. Hata hapo hutakiwi kusimama nyuma yake wala kusogeza uso kwake anapoinuka, kwa sababu huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza na shingo huja mbele kwa nguvu. Pale Whitehall hakuna aliyekuita, na hakuna bei inayonunua ruhusa.

Mama_Tudor alijibu:

Mita 3 ni neno tupu kwa mtoto wa miaka sita. Tumieni doti ya leso. Leso moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, zote mbili zikitandikwa mwisho kwa mwisho zinatoa mita 3. Wiki moja kabla ya safari tandikeni sebuleni, mtu mzima asimame upande mmoja awe farasi, watoto wasimame upande wa pili. Warudie siku tatu. Wakifika kule mwambie tu "doti moja" naye atajua.

Picha: mtoto asimame mita 3 mbele na pembeni kidogo ya farasi, uso kwa mpigaji, mikono ameifumbata. Mpigaji ndiye arudi nyuma zaidi na avute picha kwa simu. Hapo farasi huonekana mzima na mtoto huonekana mzima. Wanaombana mtoto chini ya kidevu cha farasi hupata picha ya pua na nusu ya uso. Mweko wa simu uzimwe kabla ya kufika, usizimwe palepale. Na kwa kila watoto wawili awepo mtu mzima mmoja ambaye hapigi picha kabisa. Kazi yake iwe kutazama masikio ya farasi na miguu ya watoto.

Kijana_wa_Likoni alijibu:

Kwa heshima zenu, mimi naona lawama yote mwaitupia watalii. Mnyama aweza kuuma, basi kwa nini awekwe ukingoni mwa barabara yenye maelfu ya watu? Aliyemweka pale si ndiye mwenye kosa?

DaktariWaMifugo_Kisauni alijibu:

Swali lako ni la haki, mwanangu, na halistahili kufukuzwa. Wanaomweka wana wajibu na wanautekeleza kwa sehemu: zamu ni saa moja, kibanda cha mawe kinamkinga mgongo, na farasi hupitishwa mafunzo marefu ya kuzoea ngoma, bendera, magari na watu kabla ya kupelekwa kazini. Lakini mafunzo hayafuti asili. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Aprili 2024 farasi wa kikosi hicho hicho walikuwa mazoezini mtaa wa Belgravia, kifusi kikaporomoka karibu nao kwenye ujenzi. Askari kadhaa walianguka na kuumia, na baadhi ya farasi walikimbia hadi mashariki ya mji huku wawili wakiwa na majeraha mabaya. Farasi wale walikuwa wamefunzwa. Kelele moja ilitosha.

Kwa hiyo mimi siuoni mkono wa mtalii kuwa jambo dogo. Farasi aweza kuvumilia watu mia waliosimama. Asichoweza kuvumilia kwa saa nzima ni watu mia kila mmoja akimgusa mara moja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Kuhusu kuumwa, maana swali hilo halijajibiwa. Farasi akishika mkono wa nguo au nywele, usivute kwa nguvu kujinasua. Kuvuta ndiko kunakochana. Songa kumfuata kichwa na umwachie askari amfungue. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtu apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo hata kama ngozi haikupasuka, kwa sababu ya nyama iliyopondeka na mifupa ya vidole. Pete zivuliwe mara moja kabla mkono haujavimba. Waulizwe pia lini walichanjwa pepopunda. Afadhali kila msafiri aliangalie hilo akiwa bado Mombasa. Simu ya dharura Uingereza ni 999, na ya ushauri usio wa dharura ni 111. Kwa faida ya wasomaji wengine: akikuuma punda au ngamia hapa Kenya, ongeza jambo moja, nalo ni kichaa cha mbwa. Osha kwa sabuni na maji dakika 15 kamili, kisha hospitali kwa chanjo, usingoje kuona mnyama ataonyesha dalili gani.

MtembezaWageni_Makadara alijibu:

Mungu awajaze kheri nyote. Habari ya mlio wa ulimi sikuijua kabisa, na doti ya leso naichukua kama ilivyo.

Limebaki swali moja. Bibi mmoja kundini hutembea kwa mkongojo na hawezi kusimama zaidi ya dakika ishirini. Nimpeleke upande gani?

Baraza_la_Kuze alijibu:

Mpeleke upande wa uwanja, sio Whitehall. Upande wa Whitehall njia ya miguu hujaa na watu husukumana, na mtu anayesukumwa hujikuta amefika kwa farasi bila kutaka. Bustani ya St James's Park iko ng'ambo tu ya uwanja, ina viti. Apumzike huko hadi dakika kumi kabla ya saa tano, kisha mmoja wenu amsogeze ukingoni mwa uwanja. Chagueni mahali palipo mbali na tao la katikati ya jengo na mbali na njia inayoachwa wazi na polisi, kwa maana farasi hupita hapo na hawasubiri mtu apishe. Shughuli yenyewe ina vipindi virefu vya farasi kusimama tu safu mbili zikitazamana, kwa hiyo akichoka aweza kurudi kitini bila kukosa kikubwa.

Mkongojo aushike kwa mkono ulio mbali na farasi, ncha chini. Asiunyanyue kuwaonyesha wajukuu kitu. Fimbo ikiinuka pembeni mwa jicho, farasi hajui ni ya bibi.